Nyota tatu kwa wakala wa kuasili aliyetuletea mtoto kutoka Congo, na kwanini sio tano

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kila baada ya muda kuna dada yuko Houston au Minnesota huko ananitumia meseji, samahani dada, nyie mtoto wenu mlimpataje, mlipitia kwa nani, ilikula hela ngapi, na wale jamaa ni watu wa kweli au wapigaji. Bas someni hapa. Jina la wakala siweki, waliopita kwao watawajua. Ni wakala wa hapa Texas, wana leseni, programu ya Congo ilikuwepo tulipojiunga 2011 na sasa haipo tena. Nawapa tatu kati ya tano. Ningekuwa nawapima kwa mwaka wa kwanza tu wangepata tano zote, na ungeniuliza 2014 nisingewapa hata nusu.

Sisi wenyewe: mi mtu wa Kigoma, mume wangu Msukuma wa Mwanza, tunaishi nje kidogo ya Dallas, wote tulishachukua uraia wa Marekani na hilo mlishike maana kwa kesi hizi lazima mmoja wa wazazi awe raia, green card peke yake haitoshi. Mtoto hatukujaliwa, sababu haziwahusu.

Watu wanauliza kwanini Congo na sio nyumbani. Jamani tulianza na nyumbani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mgeni awe amekaa Tanzania miaka mitatu mfululizo, na ukishashika pasi ya Marekani wewe kwa Tanzania ni mgeni kama Mjerumani, uraia pacha hatuna. Sasa nani anaacha kazi na mkopo wa nyumba miaka mitatu akakae Kigoma asubiri mahakama? Uganda nao kwenye karatasi walikuwa wanataka mitatu, watu wakawa wanapita kwa mlango wa nyuma wa ulezi wa kisheria (unapewa mtoto kama mlezi tu, unaenda kumuasili huko kwenu) mpaka bunge lao likauziba 2016. Congo wakati ule hukutakiwa kukaa hata siku moja, wakili wako anasimama mahakamani kwa niaba yako wewe uko zako kazini Texas. Urahisi huo ndo uliokuja kutuponza wote, nitafika huko. Halafu mtu wa Kigoma ukimwambia Congo ni nchi ya nje anakuangalia tu, mi nina shangazi ameolewa Uvira, na boti za Kibirizi za kwenda upande wa pili nimeziona tangu mtoto.

Sasa huduma yenyewe. Ukaguzi wa nyumbani nyota tano bila ubishi. Walituletea afisa ustawi mmoja mama wa makamo, mtulivu, anakuja anakaa anauliza vitu ambavyo mtu wa kwetu haulizwi hata na mchungaji. Mlilelewaje, mlichapwa, nani alikuwa anakubembeleza ukilia, mkigombana mnagombanaje, nani anashika hela. Madeni, kipimo cha afya, alama za vidole FBI, barua za watu wanaotufahamu, king'ora cha moshi kipo kila chumba, dawa zinafungiwa wapi, bunduki mnayo (Texas hii, lazima waulize). Mume wangu ni mtu wa kimya, miaka yote ya ndoa hajawahi kunisimulia habari za kifo cha baba yake, siku hiyo akamwambia yule mama wa kizungu kwenye sofa letu, mi nimesimama na trei ya chai mlangoni ndo nasikia kwa mara ya kwanza. Yule mama hakuandika, aliweka kalamu chini akasikiliza. Kwa hilo peke yake niliwaamini hawa watu kwa muda mrefu kuliko walivyostahili.

Darasa la wazazi lilikuwa la kuchekesha. Sheria inataka angalau masaa 10 ya mafunzo, sasa darasa zima ni wazungu isipokuwa sisi, na somo mojawapo lilikuwa jinsi ya kutunza nywele za mtoto wa Kiafrika, mwalimu ana mdoli na chanuo anatuonyesha kutenganisha mistari na kupaka mafuta, mi nimekaa mbele na twende kilioni yangu kichwani. Mwishoni akaniuliza kama nina la kuongeza! Niliongeza. Ila masomo mengine yalikuwa ya maana sana, hasa lile la mtoto aliyebadilishiwa walezi mara nyingi, kwamba anaweza akamchekea kila mtu barabarani na akamkataa mama yake ndani. Nililisikia nikasema hilo litakuwa la watoto wa wenzangu.

Hela: mpaka mwisho tulivuka dola 30,000. Ada ya wakala, ada ya programu, wakili wa Congo, tafsiri za Kifaransa, fomu za uhamiaji I-600A halafu I-600, tiketi, na matunzo ya mtoto kila mwezi ambayo nayo nina maneno nayo. Serikali inarudisha sehemu kwenye kodi, mwaka aliotua binti yetu kiwango cha juu kilikuwa 13,460, msisahau kudai, na kwa mtoto wa nje unadai kuasili kukishakamilika, sio kabla.

Ikaja picha. Mwisho wa 2012, imeili yenye picha mbili na karatasi moja ya daktari, mtoto wa kike, miaka miwili hivi, kituo cha Bukavu, uzito mdogo kuliko umri. Kwenye picha moja amekunja uso kama amedaiwa. Nilipiga kelele ofisini mpaka mlinzi akaja. Kwa wakala hapa tena sifa, hawakutusukuma, walisema pelekeni karatasi kwa daktari wenu, kaeni nayo, mkisema hapana hakuna atakayewalaumu. Nimesikia mawakala wengine wanakwambia una masaa 48 la sivyo anapewa mwingine.

Lakini ndo hapohapo mambo yalianza kuharibika. Karatasi ilisema mtoto ametelekezwa, wazazi hawajulikani. Mi nikauliza, ameokotwa wapi, na nani, alipelekwa polisi gani, kuna mtu aliulizia mtaani? Majibu yakawa yaleyale kila mara, nyaraka zimekamilika, nyaraka zimekamilika. Sasa Bukavu sio mwezini, nina binamu Uvira, nikamwomba apande basi aende akaulize. Mtu wao wa Congo alipojua alikasirika kweli na ofisi ya Texas ikanipigia kunionya kwamba nahatarisha kesi. Niliwajibu kama kesi inahatarishwa na swali bas sio kesi nzuri. Binamu alirudi na habari zilezile za kwenye karatasi pamoja na jina la mama muuza mihogo aliyemwona mtoto siku ya kwanza, na huyo mama alisema watu waliulizia majirani wiki nzima hakuna aliyejitokeza. Hicho ndo kitu pekee kilichonipa usingizi. Nakiandika hapa ili mjue hakikutoka kwa wakala niliyemlipa, kilitoka kwa nauli ya basi.

Na msidhani nilikuwa mbishi tu. Ilikuja kugundulika Ubelgiji kwamba kuna watoto wa Gemena, mji wa Congo, waliochukuliwa kwa wazazi wao wakiambiwa wanaenda likizo Kinshasa, wakaishia kuasiliwa Ulaya, mama zao wako hai wanasubiri warudi. Ubalozi wa Marekani Kinshasa nao ulikuwa unafanya uchunguzi wake kabla ya viza na unachukua miezi mingi. Ile miezi ndo sijui niielezeje. Unaomba Mungu nini? Ukiomba wasimpate ndugu unaomba mtoto asiwe na mtu duniani ili wewe umpate. Ukiomba wampate unaomba chumba chako kibaki kitupu. Mi niliacha kuomba kwa maneno. Kwenye hili hakuna mtu wa wakala aliyewahi kutugusia, hata kwa sentensi moja, na ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye safari nzima.

Mahakama ya watoto ikatoa hukumu katikati ya 2013. Kwa sheria ya Congo tukawa wazazi, jina letu, kila kitu. Tukala pilau na nusu ya Watanzania wa Dallas, tukaenda IKEA ya Frisco tukanunua kitanda. Mtoto akahamishiwa Kinshasa kwa mama mlezi, kwa kuwa ubalozi uko kule na kibali cha kutoka nchini kinatolewa kule na uhamiaji wao, DGM.

Tarehe 25 Septemba 2013 DGM wakasimamisha vibali vya kutoka kwa watoto wote walioasiliwa na wageni. Wote. Sababu walizotoa ni kwamba wana habari za watoto kuteswa huko waliko na kupewa familia nyingine, na ukweli ni kwamba mwezi huohuo Reuters walitoa uchunguzi wao jinsi wazazi wa Marekani walivyokuwa wanagawa watoto wa kuasili kwenye mitandao bila serikali kujua. Kwahiyo siwezi kuwaambia Congo walikuwa wabaya. Ningekuwa ofisa wa DGM nikasoma vile ningefunga na mimi. Ila familia zaidi ya 400 za Marekani zilikuwa kwenye foleni, na za Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Canada, na kila moja ina mtoto mwenye jina lake kule.

Hapa ndo nyota zilipoanguka. Wiki ya kwanza wakala alitupigia simu kila familia, vizuri. Mwezi wa pili imeili moja kwa wote. Baada ya hapo kila Ijumaa, "hakuna apdeti wiki hii, msikate tamaa". Nakwambia ile Ijumaa ilikuwa inaniumiza tumbo tangu Jumatano. Mei 2014 John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, akaenda Kinshasa, imeili ikaja imejaa alama za mshangao, tunatarajia habari njema. Mwisho wa mwezi huohuo ndege ya serikali ya Italia ikaondoka Kinshasa na watoto 31, waziri wao kaenda mwenyewe kuwachukua, tumeona kwenye taarifa ya habari watoto wanashuka Roma wamebebwa. Mume wangu alizima TV akatoka kwenda kufyeka majani saa tatu usiku. Sisi tukaambiwa msikate tamaa. Agosti Obama akaalika marais wa Afrika Washington, Kabila wa Congo akaja, matumaini juu tena, akarudi kwao.

Na katikati ya hayo karatasi zinakufa. Viza ya binti yetu ilitoka mwaka huo, ipo kwenye pasi, na haina kazi maana DGM hawajatoa kibali, ikaisha muda. Alama zetu za vidole zikaisha muda, turudie, tulipe. Kipimo cha afya cha mtoto kikaisha. Ukaguzi wa nyumbani uhuishwe, na yule mama mzuri alishaacha kazi, wakatuletea kijana aliyekuwa anatazama simu. Matunzo ya kila mwezi yakapanda mara mbili, nikaomba risiti, nikapata karatasi ya Excel yenye mistari minne. Mama mlezi baadaye alikuja kunitajia alichokuwa anapewa na hakilingani kabisa na nilichokuwa natuma. Sisemi zaidi ya hapo.

Kilichonikera kuliko hela ni kwamba walitukataza kuongea na wabunge wetu na waandishi wa habari, eti tutawaudhi Wacongo. Wazazi wenyewe ndo walijipanga, watu wasiojuana, mwalimu wa Tennessee, dereva wa lori wa Ohio, wakaanza kupigia simu ofisi za maseneta kila siku. Mi nilijiunga. Nilijifunza mambo ya Congo kwa wale wazazi kuliko kwa wakala.

Ndugu zangu wa Kigoma nao walikuwa na suluhisho lao. Mjomba alinipigia akasema kwani tatizo nini, mtoto ungemwacha hukohuko Bukavu, tungemshusha Uvira, boti usiku mmoja yuko Kigoma asubuhi anakunywa uji. Na kusema kweli kuna usiku nililala nikipiga hesabu hiyo. Ubalozi ulishaonya msithubutu kuvusha mtoto bila kibali, na mume wangu alisema neno moja tu, "halafu aje aishi anajificha?" Mjomba mpaka leo anaamini tulikuwa waoga.

Tulienda Kinshasa kumwona mwisho wa 2014. Watu wanadhani hiyo ndo sehemu tamu. Tulimkuta kwenye uwanja wa nyumba ya mama mlezi anaosha vikombe vya plastiki na wenzie, akaja akatupa mkono kwa adabu, tantine, tonton, yaani shangazi, mjomba. Siku ya tatu akaanza kunikalia mapajani. Siku tunaondoka hakulia, alirudi kwenye vikombe vyake. Mi ndo nilibebwa kwenye teksi. Nilivyomwandikia wakala kuuliza niongee na nani, wana mshauri nasaha au vipi, walijibu huduma hiyo ni ya baada ya mtoto kufika. Yaani kumwacha mtoto wako uwanja wa mtu hakuhesabiki kama jambo la kushauriwa.

Na kuna hili ambalo mzungu hawezi kulielewa. Alivyokuwa Bukavu alikuwa anaongea Kiswahili. Video ya kwanza waliyotutumia anasema "lete mayi" na mi nilikuwa nairudia kila usiku, nawaza huyu akija hatutakuwa na shida ya mkalimani, ataongea na bibi yake Kigoma kwenye simu siku ya kwanza. Kinshasa ni Kilingala. Tulipomkuta Kiswahili chote kilikuwa kimeondoka, kimeliwa na kusubiri. Nilimwambia mkurugenzi wa wakala hilo akasema lakini si atajifunza Kiingereza tu? Kutoka hapo sikuwahi kumpigia tena huyo bwana, nilikuwa naongea na katibu.

Novemba 2015 Congo wakaachia kundi la kwanza, watoto sabini hivi kwa nchi zote. Sisi hatumo. Februari 2016 orodha nyingine, na safari hii hawakuniambia kwa imeili, katibu wa wakala alipiga simu mwenyewe akiwa analia, na huyo dada nampa nyota zake zote peke yake, alikuwa analia kweli. Viza ikatolewa upya, tukaenda. Uwanja wa ndege wa N'djili ofisa wa DGM aliikagua ile barua mbele, nyuma, akaiinua kwenye taa, akatuangalia, akamwangalia mtoto, akagonga muhuri. Mume wangu alisalimia kwa Kifaransa kibovu mpaka ofisa akacheka. Ndani ya ndege ndo mtoto alielewa kwamba mama mlezi haji. Kutoka Kinshasa mpaka Addis Ababa alipiga kelele "nalingi te, nalingi te", sitaki, sitaki, abiria wanatuangalia kama tumeiba mtu. Kuna mama wa Kicongo kiti cha nyuma akaniomba nimpe, akamwimbia, akalala. Nilimshukuru huku nimeumia wivu sijui nimwambie nani.

Sasa huduma baada ya kufika. Nyota mbili. Waliahidi miezi 12 ya msaada kwenye mkataba. Msaada wenyewe ni afisa anakuja anajaza fomu ya ripoti, anapiga picha ya mtoto akicheka, anaondoka. Mtoto alikuwa anaficha mikate na mifupa ya kuku chini ya mto. Mume wangu alimkubali wiki ya kwanza, anamfuata mpaka chooni, mi alinikataa miezi mingi, nikimshika anakakamaa, nikitoka chumbani anaanza kucheza. Alikuwa ananiuliza "mama azali wapi", mama yuko wapi, na mi nimesimama mbele yake. Nilikuwa mama wa karatasi nchi mbili na sio mama wa mtu yeyote kwenye ile nyumba. Lile somo la darasani nililodhani ni la wenzangu lilikuwa lote langu. Nilipiga simu kwa wakala nikapewa orodha ya washauri nasaha, wawili wamestaafu, mmoja amehama. Aliyetusaidia tulimpata kupitia hospitali ya watoto, na kitu cha kwanza alichosema ni tafuta namba ya mama mlezi, mtoto aongee naye.

Wakala alikataa kutoa namba. Eti itachelewesha mtoto kuzoea. Nikaipata kwa wazazi wengine waliokuwa na watoto nyumba hiyohiyo, tukampigia WhatsApp. Mama yule alilia, mtoto alilia, halafu yule mama akamwambia kitu kirefu kwa Kilingala akininyooshea kidole mimi kwenye kioo. Sijui alisema nini na sijawahi kuuliza. Usiku ule mtoto alikula akamaliza sahani. Haikuwa muujiza, kesho yake alining'ata, lakini kuanzia pale alikuwa ananing'ata kama mtu anayenijua. Mpaka leo wanaongea, na krismasi tunatuma cha kutuma.

Ya watu sitaki kuyaeleza sana. Kuna waliosema mtoto wa kununua. Kuna mama kanisani aliniuliza mbele ya binti, huyu mama yake yuko wapi, nikamjibu huyu hapa anapakua wali. Shangazi yangu mmoja alishangaa tu, anasema sisi tumelea watoto wa watu maisha yetu yote, wewe ulikaa foleni miaka mitano ya nini? Nilishindwa kumweleza, maana kwa upande wake ana haki.

Hapo ndo linakuja swali mnaloniuliza sana: naweza kumleta mtoto wa dada yangu kwa njia hii? Wakala huyu, na hapa nawasifu, hawachukui hela yako kwa kesi isiyowezekana, watakwambia ukweli kwenye simu ya kwanza ya bure. Kwa njia ya I-600 uhamiaji wa Marekani wanataka mtoto awe yatima kwa maana yao: wazazi wamekufa, au wamemtelekeza, au amebaki mmoja asiyeweza kumlea na amemwachia kwa maandishi. Mtoto wa dada yako mwenye baba na mama hapo Tandika wanaokula na kulala, hata kama ada inawashinda, sio yatima. Na fomu iingie kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa kama ni ndugu wa damu wa mtoto uliyeshaasili, huyo mpaka 18. Kuna njia nyingine ya kuishi naye miaka miwili ukiwa mlezi wake kisheria, ambayo maana yake uhamie aliko. Usije ukaandika dada amefariki wakati anaposti statasi kila asubuhi, ubalozi wanaangalia, na utamfungia mtoto mlango maisha.

Kingine hawakutueleza mapema: kwa kuwa hukumu ya Congo ilitoka hatujamwona mtoto, aliingia kwa viza ya IR-4, sio IR-3. Wa IR-3 uraia unakuja wenyewe akishatua kwa sheria ya 2000. Wa IR-4 lazima umalizie mahakama ya jimbo lako kwanza. Sisi tulijulishwa na mzazi mwenzetu wa Ohio. Kuna watu wazima hapa Marekani walioasiliwa wakiwa wachanga, wazazi hawakumaliza karatasi, leo wana miaka arobaini hawana uraia. Wakala yeyote asiyekuambia hili siku ya kwanza mtoe nyota mwenyewe.

Ningewarudia? Kwa ukaguzi wa nyumbani ndio, hata kesho, kama yule mama angekuwepo. Kwa programu ya nchi ya nje, hapana, na hata wao hawana nyingi zilizobaki. Congo walibadilisha sheria ya familia 2016 wakafunga mlango. Kenya walisimamisha mwisho wa 2014. Ethiopia bunge lilikataza Januari 2018. China wakaacha 2024. Marekani ilikuwa inaingiza watoto karibu 23,000 kwa mwaka 2004, kufika 2023 hawakufika 1,300. Kwahiyo ukimkuta wakala ana tovuti imejaa picha za watoto wa Afrika na anakuhakikishia mwaka mmoja, muulize nchi gani, muulize mara ya mwisho mtoto kutoka nchi hiyo kafika lini, muulize ikifungwa katikati mtoto anakaa kwa nani, nani analipa na risiti iko wapi. Sisi swali hilo la mwisho halikuwepo hata kwenye mkataba.

Nyota tatu basi. Moja ya yule mama wa kwanza, moja ya dada katibu, na moja kwa kuwa binti yupo hapa anagombana na baba yake kuhusu chaja. Wakirekebisha habari ya risiti na namba za walezi nitaongeza ya nne.